Muulize Somo: Mume wangu akisema "nikuje", moyo wanichafuka

Somo, salaam aleikum.

Nina jambo ambalo nikiwaeleza mashoga zangu wanacheka, na mimi silioni la kuchekesha. Wewe usinicheke.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale. Nyanya yangu kazaliwa hapo, na mamake vilevile. Nimeolewa na mwanamume wa Mumias, huko Uluhya, Mwislamu mwenzetu, mtu wa swala tano. Hanywi, hapigi, na mshahara wake wa kwenye makontena wafika nyumbani mzima. Tunaishi Bamburi na mtoto wetu wa kiume, yuko gredi ya pili. Ukiniuliza habari za ndoa nitakwambia alhamdulillahi. Tatizo langu ni ulimi wake.

Mume wangu hasemi "nije", asema "nikuje". "Nikuje na mkate?" "Mwambie mtoto akuje akule." Hasemi "nina njaa", asema "niko na njaa". Pesa za sokoni hajanipa hata siku moja, kila siku "amenipea". Halafu ile "anga" yake: "mimi huendanga", "yeye hukujanga". Na "hiyo mtu". Somo, mtu amekuwa kitu! Wakati wa uchumba nilikuwa naona raha kumsikiliza. Sasa nikisikia "nikuje" moyo wanichafuka, na mimba sina.

Kuna na mengine. Mama yangu akimpigia simu, yeye aitika: "Sema, mama." Sema! Siku moja nilikuwa nimekaa na mama anapompigia, nikamwona anaiondoa simu sikioni, anaitazama, kisha anairudisha. Hakusema kitu, lakini mimi namjua mama. Dukani naye huingia na "nipe sukari kilo mbili", hakuna hujambo wala habari za asubuhi. Mwenye duka, mzee wa watu, alinijia akaniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu ana hasira naye.

Basi nikaanza kumrekebisha. Akisema "nikuje", mimi nasema "nije". Akisema "niko na", mimi nasema "nina". Alikuwa akirudia bila kinyongo. Mtoto naye akaishika kazi: babake akiteleza mezani, yeye adakia, "Nije, Baba." Sikufichi, nilikuwa nikijivuna.

Sasa ndiyo tufike penye jambo lenyewe. Idi iliyopita tulikwenda kwetu Kibokoni siku ya pili. Nyumba imejaa, biriani imeliwa, watu wamelegea na sharubati. Kaka yangu hawezi kukaa bila kuzua mchezo (yeye mwenyewe Sheng imemjaa, lakini yake ni mzaha tu), akauliza: "Mkipewa amri ya siku moja mfute neno moja la Kiswahili, lisisemwe tena duniani, mtafuta lipi?" Mchezo ukanoga. Mjomba alifuta "runinga", akasema yeye ana tivii na atazikwa nayo. Binamu yangu akafuta "mubashara". Wifi yangu akafuta "kuchili". Kaka akafuta "changamoto", eti siku hizi hakuna tena shida wala tabu wala dhiki wala balaa, kila kitu changamoto. Mama akafuta "sema" ya kwenye simu, ila hakumtaja mtu. Zamu yangu ilipofika nikafuta "nikuje", na sikuishia hapo, nikaigiza: mkono sikioni, sauti nzito, "Niko njiani, nikuje na nini?" Watu walivunjika mbavu. Mume wangu alicheka pia. Halafu akasema anakwenda kutazama gari tuliloliacha Ngomeni, akakaa huko masaa matatu.

Tangu siku hiyo, Somo, hanisemeshi Kiswahili. Ni Kiingereza tu. Anisalimu Kiingereza, aniulize chakula Kiingereza, aniage Kiingereza, tena kile cha ofisini chenye adabu tele. Simu hapokei mbele yangu. Akija ndugu yake wanasema Kiluhya chao, wanacheka mpaka machozi. Kwa mama yangu ni "naam" na "sawa" basi. Na hadithi alizokuwa akimpa mtoto usiku kabla ya kulala amezikata. Juzi mtoto ameniuliza: "Kwani Baba hajui Kiswahili?"

Nimemwambia ulikuwa mzaha. Akanijibu, kwa Kiingereza, kwamba hakuna neno.

Je, ni kosa kutaka lugha yangu isemwe vizuri? Na nikiambiwa nichague, mume asemaye "nikuje" au mume asiyesema, nichukue yupi? Ukiniambia nivumilie nitavumilia, ila unifundishe nivumilie vipi, maana sikio halina kifuniko.

Mwenye Lugha Yake,
Bamburi


Mwanangu, waaleikum salaam.

Samahani, nilicheka. Ni pale kwa "mtu amekuwa kitu". Nilipofika Ngomeni kwenye gari nikaacha.

Tuanze na ule mchezo. Umenitajia neno la mjomba, la binamu, la wifi, la kaka, la mama, na lako. Nimeirudia barua nikitafuta neno la mumeo, sikuliona. Ama umesahau kuliandika, ama zamu yake ilirukwa na hakuna aliyeona kuwa imerukwa. Mimi nahisi ni hilo la pili. Ameketi na wakwe zake siku ya Idi, kila mtu aulizwa, yeye haulizwi, kisha neno lake lafutwa na mkewe, na sauti yake yaigizwa na mkewe. Unadhani angeulizwa angefuta neno gani? Mimi nina langu ninalodhania, na sikuambii. Lakini wewe mtoto wa Kibokoni unajua vizuri majina tunayowaita watu wanaotoka upande wa pili wa Mariakani, watu wa bara, na tunavyoyataja wakiwapo na wasipokuwapo.

Uliuliza kama ni kosa kukereka. Si kosa. Kila mtu ana maneno yanayomwasha. Mimi langu ni "masaa". Saa ni saa, iwe moja, ziwe mia. Nawe umeniandikia kwamba mume alikaa na gari masaa matatu. Nikalisoma, nikameza mate, nikaendelea, kwa sababu habari ilikuwa ya mume. Umeuliza uvumilie vipi: hivyo ndivyo. Neno litapita sikioni na litauma kidogo, nawe utashika kile anachokwambia. Akikuuliza "nikuje na mkate?", kinachotakiwa ni aambiwe kama mkate upo au haupo.

(Mjomba wako naye kanichokoza. "Runinga" tumeletewa na marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mwana wa Lamu aliyeishi hapa Mombasa mpaka alipofariki 2017, na mimi nilikuwa katika wanaompenda. Mwambie mjomba tivii yake abaki nayo, ila neno la Sheikh aliache.)

Sasa, umeniletea malalamiko mengi ukayafunga fungu moja, na hayafanani. "Sema" ya kwenye simu na "nipe" ya dukani ni mambo ya adabu. Hayo mume aweza kuombwa na mkewe, faraghani, mara moja, na sababu yake: "Mama akisikia 'sema' huona umemkatiza, mwitikie kwa salamu." Mtu mzima hakosi kuelewa. Lakini ujue na hili: kwa wengi wanaotoka bara, "sema" ni ukunjufu, ni kumwambia mtu masikio yangu ni yako. Hakukusudia ukali. Na sisi wenyewe tusijione mabingwa wa adabu. Mgeni wa Dar es Salaam, aliyezoea "naomba maji", "naomba chenji", akituona Mwembe Tayari tumemkalia muuza viazi karai na "nipe viwili, tia ukwaju", hudhani tunagombana. Sisi tumesalimiana na muuzaji nusu saa nzima, basi twaona adabu imekwisha kutolewa. Yeye hakuziona hizo salamu. Mwenye duka wenu naye hakuona chochote isipokuwa mtu aliyeingia na "nipe".

"Nikuje" ni habari nyingine. Itazame vizuri hiyo "kuja". Twasema nitakuja, nimekuja, alikuja, anakuja. Kisha twasema nije, siji, haji, waje, na ile "ku" imetoweka. Nani alikufundisha lini iwepo na lini iondoke? Hakuna, uliinyonya. Mtu aliyekipata Kiswahili baadaye husikia "kuja" kutwa kucha, akaona hilo ndilo neno lenyewe kamili, naye akalitendea sawasawa kila mahali. "Akule" ni hivyo hivyo. Ni kosa, silitetei, na mtoto akiliandika kwenye insha atakatwa alama. Lakini limetoka kwa mtu anayeifuata kanuni kuliko kanuni inavyotaka kufuatwa. Na ile "anga" ameitoa kwao. Huko Uluhya kitendo cha mazoea humalizikia hivyo, na sisi cha mazoea twakianza na "hu". Yeye akavaa zote mbili, akasema "huendanga", asije akakosea. Ukiniuliza mimi, "hiyo mtu" sitaizoea mpaka nife. "Huendanga" nimeanza kuipenda.

Nyanya yako wa Kibokoni naye ni shahidi. Akikuita alisema "njoo"? Ikiwa ni mtu wa Mvita kweli, alisema "ndoo". Alisema ana "ndaa", akapepeta "mtele", akafumba "mato", akakwambia babako "yuwaja". Mpeleke leo darasani kwa mwanao, "ndoo" ataambiwa ni ya kutekea maji. Unajua ilikuwaje? Mwaka 1928 walikutana wakubwa wa ukoloni na wamisionari kuamua Kiswahili gani kiwe cha vitabu na shule za Afrika Mashariki yote, na mkutano wenyewe ulifanyika papa hapa Mombasa. Wamisionari wa huku kwetu walikitaka Kimvita, hicho cha nyanya yako. Kikachukuliwa Kiunguja. Kamati ya kukisanifisha ikaanza kazi 1930, na tangu hapo nyanya yako amekuwa mkosa katika mji wake. Muyaka bin Haji, aliyeufanya mji huu uogopwe kwa mashairi na akafa kiasi cha 1840, angerudishiwa daftari limejaa wino mwekundu. Hiyo "nije" unayomrekebishia mumeo ni sahihi, naam. Ila unapomrekebisha wasema "lugha yangu", na mengi katika sanifu ya leo si ya nyumbani kwenu zaidi ya yalivyo ya kwao.

Tena kwao Kiswahili hakikufika jana. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikipiga kambi kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, karne ya kumi na tisa, na huo Uislamu wake uliousifu mwanzo wa barua uliingia Mumias na watu hao. Babu zake walikuwa wakizungumza na babu zetu, wakielewana, na sidhani kulikuwa na aliyesimama pembeni ya mzigo wa pembe za ndovu akisema "nije, bwana, si nikuje".

Na kaka yako? Sheng imemjaa, umesema, lakini yake mzaha. Ya mume ni nini? Jibu hilo ukae nalo mwenyewe.

Kiingereza alichokimbilia kinaeleweka. Katika Kiingereza nyinyi wote wawili ni wageni, hakuna mwenye kumshika mwenziwe mkia. Usikishindanie. Mjibu Kiswahili chako cha siku zote, cha kawaida, usikipambe na usikipunguze. Na usimwambie tena kwamba ulikuwa mzaha. Ukisema mzaha wamwambia hakuumia, na yeye anajua aliumia. Mwambie ulichofanya kama kilivyokuwa: nilikuigiza mbele ya watu wetu, ukiwa peke yako na huna wako wa kukutetea. Usiongeze "lakini". Ningekuwa karibu ningekufinya ulipoitamka hiyo "lakini".

Kilichofanyika mbele ya watu kina sehemu yake ya kulipwa mbele ya watu. Kaka yako huyo mwenye michezo atairudia siku moja, ashike sikio, aseme "nikuje na nini?", kwa sababu ilichekesha. Usingoje mumeo acheke kwanza. Mkatize wewe, dada mtu, pale pale, na kama lazima umtajie baadhi ya Sheng yake.

Kubwa kuliko yote ni mtoto, na hapa mwanangu sitakubembeleza. Mtoto wa gredi ya pili anamrekebisha babake mezani, nawe unajivuna? Kwetu mtoto alikuwa haingilii mazungumzo ya wakubwa hata nyumba ikiwaka. Likome leo, na ulikomeshe wewe uliyelianzisha, si babake. Kaa naye useme: Baba asemapo, sikiliza anachosema. Akiuliza tena kama Baba hajui Kiswahili, mwambie Baba anajua Kiluhya, Kiingereza na Kiswahili, na Mama anajua viwili. Kiswahili chake yeye usikiogopee. Ana wewe, ana Kibokoni, ana mwalimu, ana watoto wenzake wa Bamburi. "Nikuje" ya babake haitamharibu. Kinachopotea kila usiku sasa hivi ni zile hadithi.

Basi zirudishe, na zisirudi kwa Kiswahili kwanza. Muombe amhadithie mtoto kwa Kiwanga, lugha ya kwao Mumias. Umeoa huko—samahani, umeolewa huko, na barua yako haikunionyesha neno hata moja la kule ulilolishika. Kaa nao, usikilize, ujaribu. Kuna "mulembe" ya kuamkiana, uanze na hiyo. Utaitamka vibaya, na mtoto atakucheka, na mumeo ataamua mwenyewe akurekebishe au akuache. Utajua ladha yake.

Kuhusu kumuuliza neno lake, lile ambalo angelifuta, uliza mkiwa wawili, mtoto amelala, si kwenye gari mkiwa njiani kwenda kwa mama. Akikutajia usianze kutetea wala kueleza kwamba sisi hatuna nia mbaya. Likiwa ni neno linalosemwa kwenu, wewe ndiye wa kulipeleka kwenu na kuwaambia wasilitamke tena mbele yake. Akikataa kusema, mwache. Ataendelea na Kiingereza muda kidogo, nawe utaona uchungu, na si vibaya uuone.

Swali lako la kuchagua waume wawili silijibu, mume ni yule yule mmoja.

Amebaki mama yako. Hili la "sema" alilifuta barazani na hakumtaja mtu, na mkwewe aliyekusudiwa alikuwa amekaa papo hapo. Mama ana namba ya simu ya mkwewe na ana ulimi. Likimkera aseme mwenyewe, kwa upole, mama kwa mwanawe. Wewe katika hilo usiwe tarishi.

Somo